Nilivyonyoosha Kidole

Jumanne, tarehe 17 Mei 1994, saa kumi na nusu jioni, mpira wa netiboli ulinigonga kwenye ncha ya kidole cha pete. Kikapinda upande ambao kidole hakipindi, kisha kikarudi chenyewe. Rafiki yangu wa kijiji cha Michenga, aliyeurusha, alicheka kwanza. Alipoona kinavyovimba akaja mbio kunishika mkono.

Sikulia. Nilifurahi kidogo, niseme kweli. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametangaza kwamba asiyenyoosha kidole na kujibu swali hata mara moja muhula huu atahamia dawati la mbele. Nilikuwa nimebaki mimi tu. Kila mara najua jibu, moyo unadunda, mwingine anajibu. Sasa nikawaza, kidole kigonjwa hakinyooshwi.

Nyumbani shangazi alisema mshipa umehama, akataka kukivuta. Mama akakataa, tukaenda zahanati wote watatu. Daktari alikibonyezabonyeza akasema hakijavunjika.

"Na mshipa?" shangazi akauliza.

"Mshipa unapitisha damu, mama. Hapa iliyovutika ni ligamenti. Kama kamba za kufungia fito kwenye nguzo. Zinashika mfupa kwa mfupa, moja upande huu, moja ule, ili kidole kikunjike bila kuyumba pembeni."

Akaniambia nitanue vidole vya mkono mzima, ule usioumia. Vikatanuka. Nivikunje kwenye mafundo ya ngumi, nitanue tena. Wapi! Alisema hapo kwenye mafundo kamba hizo hulegea ukinyoosha, hukaza ukikunja. Shangazi akajaribu, akajaribu tena, akabaki anacheka peke yake. Daktari akakifunga kidole changu pamoja na cha kati, akaagiza mkono ukae juu uvimbe upungue.

Asubuhi nikakaa darasani, kiwiko juu ya dawati, vidole viwili vimeelekea dari. Mwalimu akauliza ni nini kinachoshika mfupa na mfupa kwenye kiungo. Akaniona.

"Haya, leo umenyoosha viwili kwa mpigo."

Darasa likacheka. Ningeweza kusema naumwa tu, mwalimu. Nikasimama. Nikasema ligamenti, halafu Kiingereza tunachofundishiwa kikaniishia, nikaomba nionyeshe. Nikawaambia watanue vidole, wavikunje, watanue tena. Darasa zima likawa linagombana na vidole vyake, hata mwalimu aliweka chaki chini ajaribu.

Nikaketi. Alipouliza swali lililofuata nikanyoosha kidole, cha mkono ule mzima.