Ujumbe wa Rhamu

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha redio ya mawasiliano Garissa, Mhandisi wa Mkoa alinipeleka nyuma ya ofisi kwenye jenereta ya petroli, akaiwasha, kisha akanivisha vipokea sauti. Nilisikia mkwaruzo mkali. Nikazungusha kitufe cha masafa. Mkwaruzo ukanifuata kila mahali.

"Hiyo ni cheche ya plagi," alisema. "Ni mpigo mfupi sana wa umeme. Kadiri mpigo unavyokuwa mfupi, ndivyo nguvu yake inavyotawanyika kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja. Hutaukwepa."

Alipenda kusoma majarida ya ufundi. Aliniambia kuwa ng'ambo kuna watafiti wanaotaka kuzungumza kwa mipigo hiyohiyo, bila wimbi linaloendelea kama letu. Mtambo hutoa mpigo unaodumu kipande cha sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Mpigo ukiwahi kidogo, ni sifuri. Ukichelewa kidogo, ni moja. Mpokeaji, akiwa na saa inayokwenda sawa na ya mtumaji, hukusanya mipigo mingi kujua tarakimu moja. Na kwa kuwa nguvu imetandazwa, kila redio ya kawaida hupata chembe tu na haisumbuki.

"Cheche yetu haina adabu hiyo," alisema. "Inameza maneno."

Dawa ilikuwa kofia ndogo ya plagi yenye kizuizi ndani. Ilipoletwa kutoka Nairobi, Mhandisi alinikabidhi niivishe. Niliitia kwenye droo. Kila siku nilijiambia kesho.

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Barabara zilikatika, mawingu yakafunika sola, betri zikafa, tukawa tunategemea jenereta mchana kutwa. Asubuhi moja Abdi, mwendeshaji redio wa Rhamu, aliita kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Garissa, Garissa, unanibata?"

"Nakupata, Rhamu. Sema."

Kwenye mkwaruzo wa jenereta, sauti ilikuja vipande vipande. Mama mjamzito, hali mbaya. Uwanja. Ndege. Halafu nikasikia "itue". Sheria ilinitaka nimsomee ujumbe wote, naye athibitishe. Lakini rubani wa ndege ya dharura alikuwa tayari amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nimepokea," nikasema. Nikamgeukia rubani. "Wanasema itue."

Abdi alikuwa amesema isitue. Uwanja ulijaa maji, na kutoka juu majani yaliyaficha. Magurudumu yalizama, ndege ikapinduka. Rubani alifia palepale. Yule mama alifariki siku ya pili, na mtoto tumboni.

Mkuu wa Mawasiliano alikuja kutoka Nairobi kuchunguza. Mimi ni mzaliwa wa Taveta, Kiswahili changu hakina shida. Aliniuliza nilichosikia, nikamwambia.

"Hawa wa huko Kiswahili chao ni cha kuungaunga, sivyo?"

Mhandisi alikuwa kando yangu. Alikuwa amefungua droo asubuhi ile, akaiona kofia ya plagi, akaifunga tena.

"Ndiyo, mzee," nikajibu.

Abdi akafutwa kazi. Jioni Mhandisi aliniambia, "Ivishe leo." Hatukulizungumza tena. Nilihamishiwa Elwak, kisha Masalani, nikapandishwa cheo mara mbili. Vijana niliowafundisha walinicheka kwa kuwalazimisha kurudia kila ujumbe, hata salamu. Sikuwaambia sababu.

Nilipostaafu nilisafiri hadi Rhamu. Nilimkuta Abdi kwenye shamba lake la vitunguu kando ya mto Daua, ndevu zimekuwa nyeupe. Nikamweleza yote: jenereta, kofia, droo, jibu langu kwa Mkuu. Alisikiliza huku akiendelea kupalilia.

"Mimi nilijua nimesema nini, walaal," alisema hatimaye, akiniita ndugu kwa Kisomali. "Miaka yote nilijua. Lakini watoto yangu wamekua wakiitwa watoto wa aliyeua rubani. Ngoja."

Akawaita. Walikuja watano, wakasimama mbele yangu, wakubwa kwa wadogo.

"Sasa ambia hawa."

Nikawaambia. Binti mkubwa aliwatafsiria wadogo zake kwa Kisomali, akachukua muda mrefu kuliko mimi. Mmoja wao aliondoka kabla hajamaliza. Hakuna aliyenipa mkono, wala sikuutarajia.

Abdi alitazama jua. "Gari ya Mandera inaondoka mapema," alisema. "Usichelewe."