Sauti ya Marehemu Maldo

Zenebech Maldo alisomea kompyuta, halafu akakataa kukaa nazo ofisini. Chuoni walimcheka yeye na wenzake: mhandisi wa maji, mtaalamu wa udongo na mwanamke wa kompyuta wamekalia vigoda vya watu wa milimani, wanakula mkate wa ensete, ule mmea unaofanana na mgomba, eti utafiti! Yeye alitaka jambo moja tu. Wazee wasiojua kusoma waongee kuhusu chemchemi zao, na sauti zao zikae kwenye ramani ambayo mwanakijiji yeyote angeisikiliza kwa simu yake. Kazi hiyo ilimwotesha mvi, ikampa na cheo. Aliwaapia watu kwamba hatafuta sauti ya mtu ila mwenyewe akiomba, na kiapo hicho ndicho kilichokuja kumkaba koo.

Ukame ulipozidi, vijana wa Layta, kijiji cha chini, waligusa kwenye ramani chemchemi kubwa ya Shaama, kijiji cha kina Zenebech. Wakamsikia baba yake, aliyekwisha kuzikwa, akisema taratibu: "Maji haya si yetu. Layta walituazima mwaka ng'ombe walipokufa, nasi tukanyamaza." Kulipokucha wakapanda mlima na fimbo. Shaama nao wakashika zao.

Zenebech alifika kutoka mjini akihema. Baba yake mdogo, Kanko, alimdaka kabla hajaingia uwanja wa mkutano.

"Futa."

"Siwezi, baba mdogo. Mwenye sauti hayupo."

"Hayupo yeye. Sisi tupo, na kiu tunayo. Tuliuza kondoo usome, mwanangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Zenebech alijinasua, akasonga mbele. Aliogopa damu, na aliogopa zaidi kwamba ingemwagika kwa kazi ya mikono yake.

Uwanjani wazee walikuwa wamepiga magoti katikati ya makundi mawili, nyasi mbichi mikononi. Anayevuka nyasi hizo ili apigane hujitakia laana, yeye na kizazi chake. Fimbo zilikuwa zimetulia, lakini hakuna aliyeshusha yake. Gatiso, msemaji wa vijana wa Layta, aliinua simu na sauti ya marehemu ikasikika tena.

Mzee Toyza, aliyeongoza mkutano, alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya yalisemewa wapi?"

"Nyumbani kwetu," Zenebech akajibu. "Kando ya moto."

"Basi ni maneno ya jikoni. Habari ya ardhi na maji husemwa hapa, mtu amesimama, akiulizwa anajibu. Simu haijibu. Hatuyapokei."

Zenebech alijiona mjinga. Sheria hiyo aliijua tangu utotoni, na bado miaka yote aliwarekodi watu jikoni kwa sababu huko ndiko walikokuwa huru kuongea. Akasifiwa ng'ambo kwa hilo.

Kanko alimnong'oneza, "Umeona? Mungu mkubwa. Wewe nyamaza tu."

Ng'ambo ya nyasi, vijana walianza kusogea. "Kwa hiyo baba yako mwongo, dada?" Gatiso akauliza.

Kunyamaza kungetosha. Maji yangebaki Shaama, naye angebaki binti wa kwao. Lakini baba yake hakusema uongo, naye alimwona alivyokuwa akilia aliposema.

"Naomba nafasi," akasema.

Wanawake hawazoei kusema pale. Mzee Toyza alimtazama weee, kisha akampa nyasi.

"Nilimsikia baba yangu kwa masikio haya. Chemchemi iliazimwa. Niulizeni, nitajibu."

Nyuma yake mtu wa Shaama akatema mate. "Msaliti."

"Aliyesikia hatoshi," alisema Mzee Toyza. "Nani aliona?"

Mzee alizichukua zile nyasi, akamnyooshea Kanko, mkubwa wa nyumba ile aliyebaki hai. Kanko hakuzipokea. Aliziangalia, akawaangalia watu wake wa Shaama. Jikoni angeweza kusema lolote. Hapa, mwenye nyasi mkononi hadanganyi.

Akazipokea.

"Nilikuwa mdogo," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika kamba ya fahali tuliyewapa Layta kama shukrani."

Hakungoja kuulizwa zaidi. Alimpita Zenebech bila kumtazama, akashuka mpaka kwenye chemchemi, akaanza kuyaondoa mawe ambayo Shaama waliuzibia mfereji unaoshuka Layta, moja baada ya jingine, kwa mikono yake.