Sare za Maman Cibalonza

Maman Cibalonza alikuwa ameshona sare za shule katika mtaa wa Kadutu kwa miaka kumi na tisa, lakini hakuwahi kuona Agosti ikipita cherehani zimelala namna ile. Wazazi walipita mlangoni pake wakishuka sokoni, kununua sare za ng'ambo zilizokuja zimeshonwa tayari. Bei ya sare hizo ilikuwa chini kuliko ya kitambaa cha Cibalonza kabla hakijaguswa na mkasi.

Shemeji yake Isidore, mwalimu wa biashara katika chuo kimoja mjini, akamletea sketi moja ya sokoni.

"Fumua hii, mushono kwa mushono. Tutafute ugonjwa yake."

Alifumua asubuhi nzima, mafundi wake sita wakimzunguka. Mwishowe akaweka wembe mezani.

"Haina ugonjwa, shemeji. Iko na mushono muzuri."

Isidore akavikagua vipande mwenyewe. Mpango wake wote, kuwaonyesha wazazi kasoro za sare za sokoni, ulikuwa umesimama juu ya ubovu wa sketi ile.

Rosette, fundi ambaye Cibalonza alimfundisha kazi tangu usichana wake, ndiye aliyeshika mkunjo wa pindo la chini. "Maman, angalia. Pindo iko kidole moja tu. Mutoto akirefuka, sketi inakufa."

Wakashona sare zenye pindo la vidole vinne, na kiunoni wakaacha nafasi ya kupanua. Cibalonza akazipeleka mwenyewe kwa Sista Colombe, mkuu wa shule ya masista.

"Mutoto akikomaa, nani atashusha pindo?" Sista akauliza.

"Ni sisi, Sista. Bure, mpaka nguo ichakae."

Sista akageuza sketi ndani nje, akafikiri. "Nitakupa watoto wadogo. Wale wakubwa, wazazi walishanunua."

Cibalonza alirudi na furaha nusu. Kazi ile ilitosha mafundi wanne. Isidore akamshauri abaki na wenye mikono myepesi, wanaoshona haraka, na Rosette hakuwa mmoja wao.

"Lakini ni yeye aliona pindo!"

"Najua, shemeji. Ukibaki na wote sita, mutafunga wote."

Siku tano Cibalonza alizunguka na maneno hayo mdomoni. Siku ya sita Rosette mwenyewe akakunja aproni yake. "Maman, usiteseke. Nimeona vitambaa vilivyokatwa, ni kazi ya watu wanne tu, nimeelewa." Mwenzake mmoja, wa pili kukosa kazi, akamfuata nje akilia.

Kabla shule hazijafunguliwa, Rosette alikuwa na meza sokoni, akiuza zile zile sare za ng'ambo. Cibalonza akaanza kupita njia ndefu akienda misa, ili akwepe soko.

Januari Isidore akaja na habari: shule ya pili ilitaka sare zao.

"Naweza kurudisha watu wawili?"

"Mumoja, shemeji. Mumoja tu."

Siku hiyo hakupita njia ndefu. Alimkuta Rosette akimpimia mteja sketi, akangoja mpaka wamalizane, kisha akamwambia kazi ipo. Rosette hakumtazama. Aliendelea kukunja nguo, moja juu ya nyingine.

"Niache nifikiri, Maman," akasema, na mteja mwingine akafika.