Kiwele cha Nyati Dume

Kuna siku moja hainitoki, mwanangu. Nakuandikia leo kwa sababu umerudi kutoka shule ukiuliza kama ni kweli bibi yako alimchoma baba yako kwa askari wa wanyamapori. Mimi sina mvi za kutoa wosia. Lakini jambo hili nililila kwa kinywa changu, basi acha niliseme mwenyewe kabla watu wa Manyoni hawajakusimulia vingine.

Ulikuwa mchanga, kitovu hakijakauka vizuri. Baba yako alikuwa na bunduki ya marehemu babu yako, iliyoandikishwa kihalali, na mwaka ule akaomba leseni ya kuwinda. Fomu niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne. Leseni ikatoka: nyati dume, mmoja. Na masharti anayajua kila mwindaji: ukishaua, unaandika palepale nyuma ya leseni, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Akaenda na rafiki yake Hamisi, wakarudi na gari la kukodi limejaa nyama. Kichwa na ngozi walikuwa wameviacha porini. Sikuuliza kwa nini. Nilipiga vigelegele kitandani.

Sasa kwetu hapa nyumbani, mzazi aliyetoka kujifungua hupewa kiwele ili maziwa yashuke. Nyama nyingine unaweza kuificha utakavyo, lakini hiyo haimpiti mzazi. Baba yako, kwa mapenzi yake na ujinga wake, akakichoma mwenyewe uani, akaniletea kwenye sahani. Nikala. Kilikuwa kitamu, sitadanganya.

Bibi yako akaingia kutoka shambani, hata jembe hajaliweka chini, akaona kipande kilichobaki.

“Hiki nini?”

“Kiwele, mama. Cha mzazi,” baba yako akajibu.

“Leseni si mlisema ni ya dume?”

Kisha akamgeukia Hamisi, aliyesimama mlangoni. “Hamisi baba, wewe umezunguka mapori. Madume ya huko siku hizi yananyonyesha?”

Hamisi akacheka. Akacheka peke yake, mpaka akanyamaza.

“Na ndama wake?”

“Hatukumwona,” baba yako akasema.

“Tulimwona, mama,” Hamisi akasema, macho chini. “Alisimama mbali kidogo. Tukamfukuza, hakutaka kuondoka.”

Na wewe ulikuwa unanyonya. Nilitamani godoro linimeze. Wahenga wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami mzazi nilikuwa nalamba vidole vyenye mafuta ya mzazi mwenzangu.

Bibi yako akadai leseni, akanipa niisome. Nyuma palikuwa peupe. Hapo ndipo nilipoelewa: hawakuandika kitu kwa sababu kesho yake walitaka kurudi kumtafuta huyo dume kwa karatasi ileile. Aibu yangu ikapanda ikawa hasira, nikamwambia baba yako maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

“Andika,” bibi yako akamwambia. “Andika jike. Kisha ukaipeleke mwenyewe.”

“Watanifunga, mama.”

“Wakikufunga leo kwa huyu mmoja, utarudi. Wakikukamata kesho na wa pili, huyu mtoto atakujua kwa picha.”

Akaandika. Bibi yako akajitanda khanga, wakaongozana mpaka ofisi ya wanyamapori kama mtu anayempeleka mwanawe hospitali. Huko ndiko kumchoma kwenyewe wanakokusimulia. Nyama ilichukuliwa, bunduki ikaenda haikurudi, baba yako akalala mahabusu, mwishowe akapigwa faini akarudi nyumbani. Na sokoni mpaka leo wapo wanaoniita Mama Dume. Naitika. Nitafanyaje, na nilikula?

Sasa nisikilize. Leseni haikupi pori. Inakupa mnyama mmoja, wa aina moja, na waliobaki wote ni wa watu ambao hata hawajazaliwa. Watakuja wajanja wakwambie pori ni la Mungu, karatasi ni ya serikali. Waulize kama huyo Mungu aliwatuma wamwache ndama peke yake kwenye vichaka. Huna hakika na unachokiona? Shusha bunduki, rudi na njaa yako. Hakuna aliyekufa kwa kukosa nyama ya nyati. Na ukikosea, andika ulichoua, usiandike ulichotaka kuua. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na mara nyingi inaishia mezani kwake mwenyewe. Usiwe kama mimi niliyesoma nikashindwa kuuliza swali moja kwa sababu sahani ilikuwa inanukia. Na mkubwa akikuumbua ndani ya nyumba, mshukuru, maana wa nje hawaumbui kwa huruma.

Jioni hii nenda kwa bibi yako, umpe shikamoo yake, umchotee maji. Usimwambie uliyoyasikia shuleni.

Mungu akupe jicho litakalotangulia kidole. Akupe ulimi usioona tabu kusema nimekosa. Akufikishe kwenye uzee ambao wajukuu zako hawatauonea haya. Amina.