Malkia wa Pili na Kahawa ya Kutafuna

Harufu ya kahawa inayochemshwa na maganda yake hunirudisha nyumbani kwetu Hamugembe, mwaka ule baba alipooa tena. Si kahawa ya kunywa hiyo. Ni ile ya kutafuna, inayoanikwa ikakauka, ikatiwa katika kikapu kidogo cha kumkaribishia mgeni. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba akaleta mke kutoka Usukumani, ng'ambo ya ziwa: mrefu, mpole, mwenye Kihaya cha kuokoteza. Bibi, mama yake baba, alimtazama siku ya kwanza kutoka miguuni hadi kichwani, akarudi tena miguuni. "Kikulacho ki nguoni mwako," akaninong'oneza, nami nikayashika maneno hayo kuliko katekisimu. Mama wa kambo akitia chumvi kwenye ndizi, nilisogea kuhakikisha ni chumvi kweli. Akiimba peke yake migombani, nilijua anaita kitu.

Jumapili, katika kanisa letu la Kilutheri, watoto tulifundishwa na mama mmoja kutoka Denmark. Siku moja alitusimulia habari za mfalme wa kwao wa zamani sana, aliyeoa mara mbili. Malkia wa kwanza alipendwa na wakulima, wakamtungia nyimbo. Alipofariki, mfalme akaoa wa pili kutoka nchi za mbali kusini, mzuri, mwenye nywele nyeusi. Kodi ikipanda, watu walisema ni yeye. Mfalme akikasirika, ni yeye. Naye alipokufa, nyimbo zilizobaki zilikuwa za kumlaani. Nilikimbia nyumbani nikampa bibi hadithi nzima kabla sijavua viatu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaridhika kabisa. "Kumbe hata Wazungu wanawajua wake wa namna hii," akasema.

Basi akaja kutoka Muleba mdogo wake marehemu babu, mzee ambaye neno lake halikupingwa katika ukoo. Mama wa kambo akapiga magoti, akamnyooshea kikapu cha kahawa kwa mikono miwili. Kwetu mwenye nyumba hutwaa punje moja akaitafuna kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Mama wa kambo hakutafuna. Mzee akakiweka kikapu chini bila kugusa kitu. "Mrudisheni kwao," akasema. Baba aliinamia sakafu. Mimi nilifurahi, sikatai, lakini nilipomwona yule mwanamke akikivuta kikapu kwake, bado amepiga magoti, furaha ile ikanitoka.

"Baba," akamwambia mzee taratibu, "kwetu anayekula kabla ya mgeni amemdharau. Hapa hakuna aliyenieleza." Akajaza kiganja, akatafuna zote mbele yao mpaka machozi yakamtoka. Mzee akachukua punje yake, akaitafuna. Hivyo ndivyo mama wa kambo alivyobaki kwetu. Bibi alisema tu kwamba ziko sumu zinazochelewa.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza mwalimu, yule malkia wa pili aliwafanyia watu nini hasa? "Sijui," akasema. "Nyimbo hazisemi vizuri."

Siku hizi tunakula vibandani, mikononi mwa watu tusiowajua, wala hakuna anayetuonjea. Mama, maana mama wa kambo nimemwita hivyo tangu zamani, amezeeka, na Kihaya chake kinakipita changu. Mwaka jana mwanawe, mdogo wangu, alioa binti wa Kigoma. Tulipokwenda kuwaona huko Kagondo, binti alitugawia kahawa kwa adabu zote, akaketi, akatungoja akitabasamu. Mama akaniinamia sikioni. "Umemwona? Hakutafuna." Nilitaka kumcheka, nimkumbushe yule mzee wa Muleba na machozi yake mwenyewe. Nikafungua kiganja. Punje yangu ilikuwa bado imo, nzima.