Daktari aliniambia mimi kuhusu uzazi wa mpwa wangu, yeye hakuambiwa

Wakuu, heshima zenu. Haya yametukuta nyumbani kwetu, sitaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha. Mwenye matusi ayahifadhi hadi amalize kusoma.

Mimi ni mtoto wa Kinango, utoto wangu wote nimechota maji kwa punda. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijitafutia Uswisi, nikaosha masufuria, nikarudi na diploma ya hoteli. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msimamizi wa jikoni Diani, na nyumba yangu Ukunda watu waliitumia kuelekezea wageni. Nasema haya mjue kwa nini ukoo uliniita kwa kila jambo.

Dada yangu wa Msambweni alikuwa na mwanawe, tumwite Bakari. Miaka ishirini na moja, mhudumu wa baa hoteli moja ya Galu, mchumba tayari anaye. Akaota uvimbe shingoni. Vipimo vikasema saratani ya limfu.

Nikampeleka mwenyewe kwa daktari Mombasa. Nilivaa suti. Bakari akanicheka njia nzima: "Mjomba, twenda hospitali au wenda kuposa?"

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka hadi leo.

Daktari aliposikia Kiingereza changu aligeuza kiti, akazungumza na mimi haraka haraka; Kiingereza cha Bakari kilikuwa cha kupokelea oda za bia tu. Chemo itamponya, nafasi ni nzuri. Ila inaweza kumaliza uzazi wake. Mbegu zingeweza kuchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, zigandishwe. Pwani huduma hiyo haikuwepo, lakini angetuandikia barua tukaulize Nairobi, na siku chache za kusubiri hazingemdhuru.

Halafu akauliza, "Is he married?"

Nikasema hapana.

"Then we start on Monday." Akafunga faili.

Yaani asiye na mke hana haja ya watoto! Kijana mzima ameketi mbele yake, yeye anaulizia ndoa kama kadhi.

Kwenye korido Bakari akauliza, "Mbona maneno mengi hivyo, Mjomba? Amesemaje?"

"Amesema utapona."

Niliona haya. Mtoto wa dada yangu nimwambie habari za kutoa mbegu kwenye kikopo? Na sikuwa mjinga, wakuu. Uswisi mpishi mwenzangu alifanya jambo hilo hilo kabla ya dawa zake.

Jumapili tukakaa kikao, wanaume sita wa ukoo, nikawaeleza aliyosema daktari. Kaka yangu mkubwa akasema mambo ya kugandisha ni haramu, na hakuwa amemuuliza sheikh yeyote. Mwingine akasema uzima kwanza. Watu sita tunaamua uzazi wa mtu, mwenyewe yuko uani anamkunia mamake nazi.

Jumatatu chemo ikaanza. Bakari akapona, akamwoa mchumba wake, Mwanasha.

Miaka minne, mimba hakuna. Maneno yakaanza: Mwanasha tasa. Akanyweshwa mizizi, akazungushwa kwa waganga hadi Taru. Sisi sita tulikuwa tunajua, na tulikuwa tunakula pilau kwake kila Idi.

Siku moja Bakari akaenda kupimwa mwenyewe. Tabibu akamuuliza kama aliwahi kutibiwa saratani, na kama alielezwa kuwa dawa zake huweza kumaliza uzazi.

Akaja kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Siku ile daktari alisema maneno mengi. Hili lilikuwemo?"

"Lilikuwemo."

Hakupaza sauti. "Na mimi korido nzima nilikuwa najivunia Kiingereza chako."

Hawajapata mtoto hadi leo. Mwanasha hajatia mguu kwangu, na simlaumu.

Wakuu, mkiwa na kijana mwenye saratani, ulizeni kuhusu uzazi kabla ya dozi ya kwanza. Aulizwe mwenyewe, kwa lugha yake, mlango umefungwa, ameoa au hajaoa. Huenda Bakari angekataa. Huenda Nairobi wangesema hawawezi. Lakini hapana hiyo ingekuwa yake.

Waliowahi kukaa kikao kama kile chetu, semeni bila kuficha. Na madaktari mliomo humu, nijibuni: mgonjwa akija na mjomba mwenye suti, kiti chako unakigeuzia nani?