Jina Langu Kwenye Paji la Marehemu

Hii aibu nikiisimulia nacheka, lakini msidanganyike, hasira bado ninayo. Mimi ni mpiga picha, nakaa Kianda, na walioniponza ni wezi. Ukiweka picha mtandaoni na jina lako kwenye kona, mtu anakata hiyo kona na picha inakuwa yake (kuna saluni huko mtaa wa Olympic imetundika bibi harusi wangu mlangoni, na salamu hawanipi!). Basi nikaamua jina lihamie katikati ya uso, nilififishe mpaka jicho lisilione, na mwizi nikimshika naongeza mwangaza kwa kompyuta, linachomoza. Kila sampuli niliyomtumia mteja ilikuwa na jina langu la kazi, PICHA TAMU, usoni. Ukishachagua, ndipo nakupa safi, isiyo na jina.

Mzee Owino wa Kawangware, mwimbaji wa kwaya, alichagua yake akasema atapitia kuchukua iliyo safi. Hakupitia, alifariki. Watoto wake wakatoa sampuli kwenye simu yake wakampelekea mtu wa mabango, na huyo bingwa, asiyeweza kuacha kitu kilivyo, akaona mzee ni mweusi sana, akamwongezea mwangaza!

Mimi huyo, na suti yangu, naingia matangani kutoa pole, nakutana na bango refu kuliko mlango: "Pumzika kwa Amani", na kwenye paji la marehemu, wazi kabisa, PICHA TAMU. Watu wamefunika midomo kwa leso, na si kwa kilio.

"Picha Tamu ni nani?" mjane akauliza.

Rafiki yangu Kevo, mdomo hauna breki: "Si ni huyu hapa, mathe!"

Mama akanitazama sana. "Kijana, hata kwa maiti unatangaza biashara? Hii ndiyo picha aliyoipenda. Nilitaka nimwone vizuri mara ya mwisho."

Nilitoka nje, nikampigia mtu wa mabango. "Buda, kwani hukuona hayo maandishi?"

"Niliona, bro. Si nilidhani ni jina yake ya mtaa!"

Kesho yake nilimpelekea mama picha safi kwenye fremu. Nimeapa: uso wa mtu siuandiki tena, waibe wakitaka. Kinachoniuma ni kwamba wezi wote hao hunifuta jina wakinywa chai, na siku ile ya matanga niliyopanda kiti mbele ya waombolezaji, nasugua paji la mzee kwenye bango kwa leso na mate, jina lilikataa kutoka.